Baa ya zamani ya mtaa: namna ya kuitunza ndani bila kuiua

Kama mtaani kwenu kuna baa ya zamani, zile za miaka ya 50 au mwanzoni mwa 60, ndani bado kuna kaunta ya mbao nzito, sakafu ya terazo, pangaboi na madirisha ya chuma, na wanamtaa mmekaa mkaamua muichukue muiendeshe wenyewe, basi haya yanawahusu. Siongelei kufungua baa mpya, hiyo kila mtu anaijua, unaleta jipsam na taa za rangi na spika mbili kubwa umemaliza. Naongelea ile ambayo ukiingia tu unaona watu wa enzi hizo walivyokuwa wanakaa, na mnataka ibaki hivyohivyo huku inauza bia na kulipa umeme.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusigombane mbele: baa za namna hii huwa haziuawi na uchakavu, zinauawa na ukarabati. Uchakavu unachukua miaka 60, fundi mwenye grainda anachukua wikiendi moja. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinaanza na kujizuia kwanza.

Na mjiulize kwa nini huku kwetu Kusini, Lindi na Mtwara, bado zipo wakati Dar zimeisha karibu zote. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini wakati wa Mwingereza, mkonge mwanzoni mwa miaka ya 50 ukapanda bei vibaya mno sababu ya vita ya Korea, hela ikawepo mjini na watu wakajenga. Katikati ya hapo kimbunga kikaipiga Lindi, tarehe 15 Aprili 1952, watu walikufa na mapaa yaling'oka, ndo maana jengo lenu kama ni la kabla ya hapo msishangae paa kuwa la baadaye kuliko kuta. Mtwara yenyewe ilikuzwa na ule mradi wa karanga wa 1947, Waingereza wakafyeka pori Nachingwea, wakajenga reli na bandari ya kina kirefu, halafu mradi wakaufuta mwaka 1951 kabla hata bandari haijaisha, bandari ikafunguliwa 1954 karanga zenyewe hakuna, na reli nayo miaka ya 60 ikang'olewa. Makao makuu yakahamia Mtwara, Lindi ikapoa. Juu ya hapo barabara ya Dar masika ilikuwa haipitiki, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 ndo tukaanza kupumua. Sasa nani angebadilisha kaunta? Kwa hela gani, na lori lipite wapi? Ukata ndo uliotutunzia hizi baa jamani, tusijidanganye kwamba tulikuwa na akili sana. Hatari ni sasa hivi, barabara ipo, gesi imekuja, saruji inatengenezwa hapo hapo Mtwara, na kila mtu ana shemeji fundi.

Waingereza wenyewe wenye mila ya pub walikuja kushtuka wameshavunja nyingi. Kuna chama chao cha wapenda bia, CAMRA, kilianza 1971 kupigania bia tu, baadaye kikaanza na kuorodhesha baa ambazo ndani hazijaguswa. Mwaka 2018 ndo hata baa za baada ya vita zikaingizwa kwenye majengo yanayolindwa, kama Queen Bess ya Scunthorpe ya 1959 na Never Turn Back ya Caister-on-Sea ya 1957, majengo ya kawaida kabisa ukiyaona kwa nje. Na kuhusu wanakijiji kununua baa yao, kuna Old Crown ya Hesket Newmarket, wenyeji walichanga wakainunua 2003 na inaendeshwa kiushirika. England mwaka 2011 walitunga sheria iliyowapa wanajamii muda wa miezi sita kutafuta hela kabla mwenye baa hajaiuza kwa mwingine. Sisi sheria kama hiyo hatuna, kwa hiyo ulinzi wetu tunautengeneza wenyewe kwenye makaratasi, na hapo ndo pa kuanzia.

JUENI NYUMBA NI YA NANI

Msigonge hata msumari kabla ya hili. Majengo mengi ya mjini Lindi na Mtwara yalikuwa ya Wahindi, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba (NHC). Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kuwa NHC, anaweza kuwa halmashauri, chama, parokia, au familia ambayo wajukuu wamesambaa mpaka Toronto. Yule mama anayepokea kodi kila mwezi anaweza kuwa si mmiliki kabisa. Fuatilieni ardhi, mpate mkataba wa maandishi, na ndani ya mkataba muombe kipengele kwamba vitu vilivyofungwa kwenye jengo (kaunta, makabati ya nyuma ya kaunta, milango, madirisha, mapangaboi) haviondolewi na upande wowote bila makubaliano ya pande zote mbili. Hicho kipengele ni muhimu kuliko kiwango cha kodi, kwa sababu wapo watu wanapita wananunua samani za zamani kwa bei ya kuni na wanaenda kuziuza mbali.

Msitegemee kwamba serikali itawalindia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yenyewe inaanza na majengo ya kabla ya 1863, baa ya 1955 kwa macho ya sheria hiyo bado ni kijana, labda itangazwe maalum. Ulinzi wenu ni katiba ya kikundi. Watu wa Kusini AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, tunazijua, tunajua mkutano mkuu ni nini, tunajua na viongozi wanavyoweza kuamua mambo chini ya mwembe, basi andikeni kabisa kwamba kamati haina mamlaka ya kubadilisha rangi, sakafu, kaunta wala samani bila mkutano mkuu kupitisha. Mwenyekiti atakasirika kidogo. Mwacheni akasirike.

Leseni ya vileo ni halmashauri, iwe kwa jina la kikundi isiwe ya mtu mmoja, maana akigombana na wenzake anaondoka nayo na baa inafungwa. Hapa sina zaidi, utaratibu wake mtaambiwa palepale.

ANDIKENI KWANZA, SHIKENI BAADAYE

Chukueni simu yenye kamera nzuri, ingieni asubuhi kabla watu hawajafika, pigeni picha kila ukuta, kila kona, dari, sakafu, swichi, bawaba, kitasa, hata alama za nyayo za viti. Kila kitu kipewe namba kwenye daftari. Viti vingapi vya aina gani, vipi vimevunjika, kioo cha nyuma ya kaunta kimepasuka wapi. Hii kazi watu wanaiona ya kijinga mpaka siku kitu kinapotea.

Halafu wazee. Waiteni waliokuwa wahudumu, wapiga muziki, makarani wa bandari, madereva wa mkonge, wapeni soda au chochote wanachokunywa na muwaulize nini kilikuwa wapi. Na muwe tayari kusikia yasiyofurahisha. Enzi zile kulikuwa na klabu za Wazungu, klabu za Wahindi, na Mwafrika alikuwa na kilabu chake cha pombe huko pembeni, kwa hiyo kama jengo lenu lilikuwa klabu ya mabwana inawezekana babu yenu aliingia humo akiwa amebeba trei tu. Kama kuna mlango mdogo wa nyuma au kidirisha cha kupitishia chupa ambacho hakieleweki kazi yake, msikizibe kabla ya kuwauliza wazee. Huko Uingereza nako baa za zamani zilikuwa na chumba cha vibarua na chumba cha waungwana, vyenye milango tofauti, na wanaozitunza wanaacha hiyo mipaka ionekane. Mimi nasema na sisi tuiache. Mtoto akiuliza huu mlango wa nini aambiwe ukweli.

SAKAFU

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo uharibifu mwingi unapoanzia.

Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, vimechanganywa na saruji vikasagwa mpaka vikang'aa, na ukiangalia vizuri utaona vile vipande vyembamba vya shaba vinavyogawanya maumbo. Marumaru haipatani na asidi hata kidogo. Kwa hiyo limau, siki, ndimu, na zile dawa kali za kusafishia choo zote marufuku, zinakula jiwe, zinaacha sakafu imepauka na haing'ai tena mpaka isagwe upya. Maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo sana, mopu iliyokamuliwa, halafu suuza kwa maji safi mara mbili kwa sababu sabuni ikibaki inashika vumbi na vumbi ndo linasugua sakafu. Mchanga wa ufukweni unaoingia na viatu ni msasa huo, wekeni mkeka wa makumbi ya nazi mlangoni na mfagie kila siku. Kama imefubaa sana kweli inaweza kusagwa tena, lakini kwa fundi mwenye mashine ya kusaga kwa maji na anayeanza na jiwe laini, na aanzie pembeni chini ya kabati muone kwanza. Ufa mdogo jazeni saruji nyeupe iliyochanganywa rangi ya unga mpaka ifanane. Msiweke vigae juu. Narudia kwa sababu najua kuna mtu kwenye kamati yenu ana vigae vilivyobaki nyumbani kwake: msiweke vigae juu ya terazo.

Ile sakafu nyingine, ya saruji nyekundu iliyosuguliwa, ndo ya baa nyingi za kawaida. Hiyo inataka nta na mikono. Osheni, iacheni ikauke kabisa, pakeni nta nyekundu ya sakafu kidogo kidogo kwa kitambaa, kisha sugueni kwa kumbi la nazi lililokatwa nusu kama walivyokuwa wanafanya zamani, au brashi ngumu. Mkipaka nyingi mtawapaka wateja suruali, na mteja wa suruali nyeupe harudi.

KAUNTA NA MBAO

Mbao za enzi hizo ni mninga, mvule au mkongo, mbao ambayo leo ukiagiza upana ule unaweza kuuza shamba la mikorosho. Kabla ya kugusa jueni imepakwa nini. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa sehemu ya kificho, labda chini ya ukingo wa ndani. Rangi ikilainika na kunata basi ni ile polishi ya zamani ya shelaki, ikikataa spiriti lakini ikalainika kwa thina ni laka, ikikataa zote basi yawezekana ni vanishi ya mafuta. (Na msijaribu kwa gongo, japo najua kuna mtu atajaribu.) Ukijua aina unajua dawa. Ya shelaki unaweza kuifufua bila kuivua, unapitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana na shelaki mpya juu, haraka haraka bila kusimama sehemu moja, na zile duara nyeupe za glasi zinapotea. Ya vanishi unafuta uchafu kwa kitambaa chenye tarpentaini, unaikausha, unapaka nta.

Msasa wa mashine hapana. Ule weusi na ulaini wa kwenye ukingo, pale watu walipoegemeza viwiko miaka yote hiyo, ukishausaga hauurudishi kwa hela yoyote. Madoa ya sigara nayo yaacheni, wazee watawaonyesha ni ya nani.

Kama kuna bomba la shaba la kukanyagia miguu chini ya kaunta, hapo ndo watu hukimbilia limau na majivu. Shaba itang'aa kweli, lakini maji ya limau yanadondokea wapi? Kwenye terazo. Tumieni polishi ya shaba kwenye kitambaa, tandikeni gazeti chini.

Meza za fomika, zile zenye juu ya plastiki ngumu ya rangi ya maziwa au kijani na miguu myembamba iliyopanuka, watu wanazidharau wakati ndo zinazoipa baa sura ya miaka ile kuliko kitu kingine. Msizisugue na waya wa chuma. Ukingo ukiachia, safisheni gundi ya zamani, pakeni gundi ya viatu pande zote mbili, subirini mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndipo mbandike na kugandamiza kwa nguvu, haitaki kubandikwa ikiwa mbichi. Viti vinavyocheza vinataka gundi ya mbao na kamba ya kukaza usiku kucha, msumari unapasua mti na mwakani kiti kinakuwa kuni. Vya henzirani vilivyotoboka tafuteni msukaji, wapo, na akikosa henzirani akasuka kwa ukindu au milala si vibaya, itakuwa kazi ya kwetu na mtu akiangalia ataelewa kwamba hiki kimetengenezwa baadaye.

Wadudu wa mbao mtawajua kwa unga mweupe chini ya mguu wa meza. Mchwa mtawajua kwa njia za udongo ukutani. Wote wawili msisubiri kikao.

KUTA, CHUMVI NA SARUJI

Jengo la pwani linakula chumvi kila siku. Kama kuta zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi za Lindi na Mikindani ziko hivyo, basi zinapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukipiga lipu ya saruji juu yake unafunga mlango, maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya rangi, na baada ya mvua mbili tatu rangi inavimba inaanguka vipande vipande, fundi anarudi anapiga saruji zaidi na hali inazidi. Saruji ni rahisi kupatikana huku sasa hivi ndo maana kosa hili limeenea sana.

Lipu ya chokaa inarudishwa kwa chokaa. Chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, mchanga wa mtoni usiwe wa baharini. Lowesheni ukuta kwanza, pigeni tabaka nyembamba, na mlinde lisikaukie juani kwa kulinyunyizia maji siku za mwanzo. Juu pakeni rangi ya maji au chokaa yenyewe, rangi ya mafuta iishie kwenye mbao na chuma. Kama kuta ni za zege na bloku, ambazo ndo nyingi za Mtwara, shida yenu itakuwa nondo, zikipata kutu zinavimba na kupasua zege, hapo anahitajika fundi anayejua kugonga vilivyolegea, kusafisha nondo mpaka chuma kionekane, kuipaka dawa ya kutu na kuziba. Akikwambia "tunapiga lipu tu hapa juu mzee" mwambie asante.

Kuhusu rangi gani mpake: baa yenyewe itawaambia. Nyuma ya kabati au boksi la mita, kwangueni polepole kwa wembe kaeneo kadogo, mtaona tabaka moja baada ya jingine, bluu ya juzi, pinki ya miaka ya 90, kijani, krimu, mpaka mfike kwenye lipu. Ile ya chini kabisa ndo ya mwanzo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo kwangueni kukiwa kumeloweshwa, mvae barakoa, watoto wasiwe karibu.

Yale matofali ya matundu juu ya ukuta msiyazibe. Ndo yanayofanya hewa ya bahari ipite na moshi wa mishikaki utoke. Ukiziba uweke eyakondishena umenunua bili ya umeme na ukungu kwa mpigo. Madirisha ya chuma ni kazi ya uvumilivu tu, brashi ya waya, redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), rangi mbili, mafuta kwenye bawaba.

UMEME, PAA

Kwa hili sitaki mapenzi ya vitu vya kale. Nyaya za miaka ya 50 zilikuwa na ganda la mpira, na mpira ule sasa hivi ukiugusa unasagika kama biskuti. Ng'oeni nyaya zote, pitisheni mpya kwenye mabomba yaleyale ya zamani kama yako salama, wekeni breka na ethi, na fundi awe na leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji. Swichi za duara za bekelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, mnaweza kuziacha ukutani zikiwa hazina umeme na swichi mpya ikae karibu. Pangaboi likizunguka kivivu mara nyingi ni kapasita, kitu cha bei ndogo, au beringi zinataka grisi, msilitupe. Ila kagueni ndoano ya darini inayolishikilia, kutu ya bahari ikiimaliza litashuka kwenye meza ya watu.

Paa likiwa la yale mabati ya kijivu mazito yanayofanana na saruji, hayo yanaweza kuwa asbesto. Msikate, msitoboe, msisugue kwa brashi, vumbi lake linaua mapafu miaka mingi baadaye. Kama hayajavunjika yaacheni yalivyo, kama yamevunjika waulizeni NEMC, baraza la mazingira, kabla ya kumpandisha kijana juu.

VYA BURE

Siku mtakayoanza kuuza vizuri watakuja vijana wenye fulana za kampuni, ya bia au ya simu, na watawaambia tunawapakia rangi baa yote bure, tunawapa na viti na friji na bango. Mkikubali, kesho yake baa ina rangi ya nembo ya mtu mpaka chooni. Semeni hivi: friji tunapokea itakaa stoo au nyuma ya pazia, bango moja dogo nje, ukutani hapana, viti hapana. Wengine wataondoka, na wengine mtaona wanakubali tu maana wanataka kuuza. Viti vya plastiki muwe navyo vyenu vya siku za mechi, vilivyopangwa uani, na televisheni ikae uani hukohuko. Ndani pabaki pa maongezi, bao, drafti na muziki wa dansi kwa sauti ambayo mtu anaweza kubishana juu yake.

PALIPE KODI

Hela ya Kusini inakuja na korosho, kuanzia Oktoba mnada ukianza mpaka mwaka mpya mtauza, baada ya hapo mtaangaliana. Kazi kubwa za ukarabati zipangeni zilipwe msimu huo, na sehemu ya faida iwekwe akaunti ya jengo ambayo haikopeshwi, hata kama mwanachama ana msiba, ya msiba iwe yake. Msimu wa mabibo mkipata kibali cha pombe ya kienyeji uraka utawaletea watu ambao bia hawaimudu, na baa ya wanamtaa ambayo nusu ya mtaa haiwezi kuingia ina kasoro. Nipa, yaani gongo ya mabibo, hapana, hiyo ni jela.

Mji wetu wengi ni Waislamu, na baa ikitaka kuitwa ya mtaa lazima jirani asiyekunywa nayeye awe na sababu ya kuipenda. Mchana uzeni kahawa, chai, supu ya pweza, samaki, ming'oko (vile viazi pori) ikiwepo, korosho za kuchoma. Ukumbi mkubwa waazimeni watu kwa vikao vya mtaa asubuhi. Ramadhani fungeni kabisa mwezi mzima, na hapo ndo mfanye kazi za ndani, nta, rangi, viti, kwa sababu hakuna mteja wa kuvuka kamba mliyofunga.

Na kila mwaka masika ikiisha, watu wawili wasio wa kamati wazunguke na lile daftari la namba na zile picha za kwanza, walinganishe kitu kwa kitu, mvua imeingia wapi, kiti namba fulani kiko wapi, nani kapigilia msumari wa kalenda kwenye mbao ya mvule. Ripoti yao isomwe mkutano mkuu kabla ya ripoti ya mweka hazina, maana ya mweka hazina ikianza hakuna atakayesikiliza kitu kingine.